SHAHADA NI USHAHIDI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Kila sifa njema ni yake Mola aliyemfundisha mwanadamu mambo asiyokuwa akiyajua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. 

Katika darasa letu tumeletewa maswali matatu ambayo asili yake ni moja. La kwanza lasema: mwanafunzi wa chuo kikuu ametakiwa akae kazini miezi mitatu ili atimize masomo yake, naye amekosa mahali. Je, yafaa amwendee jamaa yake mwenye duka ampigie muhuri katika daftari lake kana kwamba amefanya kazi, na hali hakufanya? La pili lasema: mwenye kampuni amempokea mwanafunzi, akamtumikisha kutwa muda wote huo bila ya kumpa hata nauli. Je, ana dhambi? La tatu ni la mzazi: mwanangu nimempeleka kusoma, hata shamba nimeuza kwa ajili yake, mbona chuo chamtoa darasani champeleka karakanani kukaa na mafundi? Je, huku si kupoteza wakati na mali?

Jambo lenyewe vijana wetu wa Kenya huliita atachimenti. Mwanafunzi hupewa barua na chuo chake, naye huzunguka nayo katika maafisi, viwanda, hospitali na mahoteli mpaka apate atakayempokea. Akipata, hukaa hapo majuma manane, au kumi na mawili, huandika katika daftari kazi alizozifanya kila siku, msimamizi wake hutia sahihi, na mhadhiri wake huja kumtazama. Katika masomo mengi asiyetimiza hayo hapewi shahada. Tumeona ni kheri tuyajibu maswali yote pamoja, nasi tutaanza na lile la mzazi, kwani mengine yote yasimama juu yake.

ILIMU NA AMALI

Ewe mzazi, jua ya kwamba kumtoa mwanafunzi kitabuni na kumtia kazini si jambo lililozuliwa na watu wa zama hizi. Huo ndio mwendo aliofundishia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kutoka kwa Abu Said al-Khudri ya kwamba Mtume alimpita kijana mmoja akichuna mbuzi naye hajui kuchuna. Hakumkemea, wala hakumpa maneno akaenda zake. Alimwambia asogee kando ili amwonyeshe. Kisha akautia mkono wake mtukufu baina ya ngozi na nyama mpaka ukaingia kufika kwapani. Kisha akaenda zake kusali. Tazameni basi, ndugu zangu. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, ana umma mzima wa kuuongoza, naye asimama njiani kumfundisha kijana kuchuna mbuzi, na amfundisha kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa kazi ya mkono haitoshelezwi na maelezo ya ulimi.

Na imepokewa katika Bukhari kutoka kwa Malik bin al-Huwayrith ya kwamba yeye na vijana wenziwe wa rika moja walikwenda Madina wakakaa kwa Mtume siku ishirini. Alipoona kwamba wamewatamani jamaa zao, aliwaruhusu warejee, akawaamrisha wawafundishe watu wao, na wasali kama walivyomwona yeye akisali. Hakuwakabidhi waraka wenye nguzo na sharti za sala. Siku ishirini walizokaa naye wakitazama na kufuata ndizo zilizokuwa darasa lao, na baada yake waliaminiwa kuwafundisha wengine.

Na Abu Abdirrahman as-Sulami, katika wanafunzi wa masahaba, ameeleza kuwa wale waliowasomesha Kurani walikuwa wakijifunza aya kumi, wala hawaendi mbele mpaka wajue yaliyomo ndani yake ya ilimu na ya amali. Walijifunza yote mawili pamoja. Hawakukusanya ilimu kwanza miaka minne, ndipo waitafutie amali baadaye.

Na tukitazama visa vya Mitume waliotangulia twaona hayo hayo. Nabii Daudi alilainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze mavazi ya vita na apime vizuri zile pete zake. Kupima pete ni ilimu, na kuzifua ni amali. Ikikosekana moja, vazi halimkingi mtu. Nabii Musa alilelewa katika jumba la Firauni, akapewa hekima na ilimu alipopevuka. Lakini kabla ya kupewa ujumbe aliongozwa mpaka Madyan, akachunga wanyama wa mzee mwema kwa miaka. Na Mtume wetu mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa ujira kabla ya kupewa utume. Itakuwaje basi mwanafunzi wa leo ajione mkubwa asiweze kuingia karakanani?

WALIVYOFANYA WAISLAMU WA KALE

Wako wanaodhani kuwa chuo kikuu ni mahali pa vitabu, na kazi ni jambo la watu wa chini. Fikira hii haikuwa ya Waislamu walipokuwa na nguvu ya ilimu. Sultani Nuruddin Zangi alijenga hospitali katika mji wa Damascus mwaka 1154. Mwanahistoria wa matabibu, Ibn Abi Usaybia, ametueleza namna tabibu mkubwa wa hospitali hiyo alivyokuwa akifanya: huzunguka kwa wagonjwa mmoja mmoja, akawatazama na kuwaandikia dawa na chakula, kisha huenda kuketi ukumbini, wakaja matabibu na wanafunzi wakakaa mbele yake, wakafungua vitabu na kujadiliana muda wa saa tatu. Kitanda cha mgonjwa na kitabu vilikuwa chini ya paa moja, na mwanafunzi alitoka kwenye hiki akaenda kwenye kile siku ile ile.

Na zaidi ya miaka mia mbili kabla ya hapo, mwaka 931, ilimfikia Khalifa al-Muqtadir mjini Baghdad habari ya mtu aliyekufa kwa kosa la mganga. Khalifa akaamrisha asitibu mtu yeyote mpaka apimwe na Sinan bin Thabit na kuandikiwa ruhusa. Waliopimwa walipita watu 860 katika mji huo mmoja. Msingi wa amri kama hii wapatikana katika hadithi iliyomo katika Abu Dawud na wenginewe, ya kwamba anayejitia kutibu na hali hajulikani kuwa na ujuzi wa tiba, basi ana dhamana ya madhara anayoyaleta. Wanavyuoni wameifanya hukumu hii kuwa ni kanuni ya kila ufundi: anayejitia katika kazi asiyoijua, akaharibu, atalipa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali mpaka Damascus na Baghdad. Hapa pwani yetu, ni nani katika sisi aliyejifunza kuosha maiti kwa kitabu peke yake? Tumeisoma milango ya janaza katika Safina na vitabu vinginevyo, tukajua yaliyo faradhi na yaliyo suna. Lakini siku ya kwanza ya kumgeuza maiti ubavu, kumfinya tumbo kwa upole, kumstiri tangu mwanzo mpaka mwisho, ni mkono wa mzee uliotuongoza. Na mafundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, waliutoa wapi ujuzi wao? Mtoto alianza kwa kushika kamba na kutia pamba katika tumbo la jahazi, akapanda daraja moja baada ya nyingine mbele ya macho ya fundi. Na siku ya kuhitimu, katika mila zetu, mwanafunzi humtolea fundi wake kilemba. Kilemba kile chasema mbele ya watu: fundi amenifundisha nami nimefunzwa. Watu wa zamani waliitukuza ilimu ya mkono kama walivyoitukuza ilimu ya chuoni.

MAMBO YALIVYO KATIKA ZAMA HIZI

Na katika zama zetu wengine wameufufua mwendo huu wakaupangia taratibu. Mwaka 1906 mwalimu mmoja wa uhandisi, Herman Schneider, katika chuo kikuu cha Cincinnati huko Marekani, alianza na wanafunzi 27. Aliwapanga wawili wawili: mmoja akiwa darasani, mwenziwe yuko kiwandani katika kazi ile ile, kisha wakabadilishana. Kwa njia hiyo mwenye kiwanda hakupungukiwa na mtu hata siku moja, na mwanafunzi hakuikosa ilimu wala kazi, tena akalipwa ujira. Chuo kikuu cha Waterloo, huko Kanada, kilipoanzishwa mwaka 1957 kilijengwa juu ya msingi huo huo, na mpaka leo chajulikana kwa mwendo huo.

Majirani zetu wa Tanzania walishika njia nyingine. Katika Azimio la Musoma la mwaka 1974 chama cha TANU kilitaka kijana akimaliza sekondari aende kazini kwanza, ndipo aingie chuo kikuu. Baadaye sharti hilo lililegezwa, kisha likaachwa. Nia ilikuwa njema, maana ilitaka msomi asijione mgeni kwa mkulima na mfanya kazi. Lakini kazi iliyotangulia masomo kwa miaka haina mwalimu wa kuifungamanisha na masomo hayo, na linalotakikana ni viwili hivi viende bega kwa bega.

Na hapa Mombasa sisi Waislamu tulikuwa na chetu. Ile Taasisi ya Ilimu ya Waislamu, ambayo watu wa zamani waliijua kwa jina la MIOME, ilipata hati yake mwaka 1948 na wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya jamii ya Mabohora, na ya serikali ya Uingereza. Haikujengwa ili itoe makarani. Ilijengwa ili iwape vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ilimu ya ufundi. Mwaka 1972 ikawa Politekniki ya Mombasa, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Basi waliotutangulia waliona miaka mingi iliyopita lile ambalo mzazi wa leo aliona aibu: ya kwamba umma usio na watu wenye ilimu mikononi mwao ni umma wa kuombaomba. Imamu Ghazali alisema katika Ihya kuwa utabibu, hesabu, na misingi ya ufundi kama ukulima na ushoni ni katika faradhi za kifaya. Mji ukikosa mwenye kuzisimamia, dhambi ni ya wakaaji wote.

Hilo ndilo jibu la mzazi. Mwanao hapotezi wakati karakanani, maadamu anafundishwa kweli. Na neno hili, kweli, ndilo litupelekalo katika swali la kwanza.

MUHURI WA UONGO

Tazameni jina tuliloipa karatasi ya chuo kikuu katika lugha yetu. Tumeiita shahada. Na shahada ni ushahidi. Chuo chasema mbele ya watu: twashuhudia kuwa huyu amejifunza hili na hili, na ya kuwa anaweza kulifanya. Na wanaousikiliza ushahidi huo hawana njia ya kuupeleleza. Mama mjamzito anayelazwa usiku hamwulizi mkunga alijifunzia wapi. Abiria anayevuka daraja hamjui mhandisi aliyepima vyuma vyake. Yatima ambaye mali yake imo katika hesabu za wakfu hamjui mkaguzi aliyezipitia. Wote hawa wameyaweka maisha yao na mali zao juu ya ushahidi wa watu wasiowajua.

Sasa, daftari la kazini ni sehemu ya ushahidi huo. Mwanafunzi akiandika ya kuwa tarehe fulani alifunga mashine, na hali siku hiyo alikuwa nyumbani, ameshuhudia uongo. Mwenye duka akitia muhuri wake, ameshuhudia uongo. Mhadhiri aliyepokea na kutoa alama bila ya kwenda kutazama, ameshuhudia asiloliona. Na sote twajua jinsi Mtume alivyolitaja jambo hili. Alipokuwa akihesabu madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa kitako, akalikariri neno hilo mpaka masahaba wakatamani lau angenyamaza. Hakukaa kitako kwa ajili ya jambo dogo.

Kwa hivyo jawabu la swali la kwanza ni hili: haifai. Haifai kwa mwanafunzi, wala haifai kwa jamaa yake, hata kama ni mjomba wake na anamwonea huruma. Huruma haihalalishi ushahidi wa uongo. Na aliyenunua muhuri kwa pesa ameongeza dhambi ya rushwa, nayo imelaaniwa kwa mtoaji na mpokeaji.

Lakini si uadilifu tukimhukumu kijana kisha tukanyamaza. Tujiulize ni nini kinachompeleka kwenye muhuri wa uongo. Mara nyingi si uvivu. Kijana wa Kwale au wa Garissa, ambaye baba yake hana jina wala hana rafiki katika maafisi makubwa, huzunguka na barua yake juma baada ya juma. Hapa aambiwa nafasi zimejaa. Pale aambiwa aache namba ya simu. Na mahali pengine adokezwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Mwenziwe, ambaye ami yake ni meneja, alipata nafasi kabla hata barua haijaandikwa. Siku zapita, na muda uliowekwa na chuo wakaribia kwisha. Hapo ndipo Shetani amjiapo na kumwonyesha duka la jamaa yake na muhuri ulio juu ya meza. Dhambi ni yake. Lakini waliomfungia milango wasidhani kuwa wao wametoka salama.

Basi twamwusia kijana aliyefikwa na hali hii: nenda chuoni kwako, useme kweli kuwa umekosa mahali, uombe muda. Na usiidharau kazi ndogo. Duka la ami yako laweza kuwa mahali pa kweli pa kujifunza ukifanya kazi ya kweli humo. Kama wasoma hesabu za fedha, zipange hesabu za duka hilo tangu mwanzo wa mwaka, mpaka mwenyewe ajue faida yake na zaka inayomlazimu. Kama wasoma kompyuta, mtengenezee utaratibu wa kujua bidhaa zilizomo ghalani. Andika katika daftari lako ulilolifanya na ulilolishindwa, na muhuri ule ule utakuwa halali. Kheri kuchelewa mwaka mmoja kwa ukweli kuliko kuhitimu leo kwa uongo, ukala ujira wa maisha yako yote juu ya msingi huo.

UJIRA WA MWANAFUNZI

Swali la pili ni la ujira, nalo lina upande wa sharia na upande wa ihsani.

Ama sharia, Imamu Nawawi ameitaja katika Minhaji mas-ala ya mtu anayempa fundi nguo aifue au aishone, naye akaifanya kazi, bila ya kutajwa ujira. Kauli aliyoitanguliza ni kuwa fundi hana ujira. Kisha akataja kauli ya kuwa anao, na kauli ya tatu kwamba ikiwa mtu huyo ajulikana kuwa hufanya kazi hiyo kwa malipo, basi atapata. Na hii akasema yaweza kuonwa kuwa ni nzuri. Faida tunayoipata hapa ni kubwa: mapatano yawe kabla ya kazi. Yule mzee wa Madyan hakumwacha Musa katika giza. Alimtajia muda, miaka minane, na miwili ya kuongeza ikiwa ni kwa hiari yake, na akamwambia kuwa hakusudii kumtaabisha. Muda ukajulikana, malipo yakajulikana, na adabu ikajulikana. Kwa hivyo mwanafunzi, mwajiri na chuo waandikiane mapema: atafanya kazi gani, atafundishwa nini na nani, atapewa nini, na akiumia ni nani atakayemtibu.

Na palipotajwa ujira, basi ni deni. Mtume ameamrisha mfanya kazi apewe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Na katika hadithi ya Bukhari, Mwenyezi Mungu amesema kuwa Yeye ni hasimu wa mtu aliyemwajiri mfanya kazi, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Ni nani atakayesimama kushindana na hasimu kama huyo? Jambo hili si la wenye maduka peke yao, bali lawahusu hata wenye serikali. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za serikali hapa Kenya waligoma kwa siku 56, na katika mambo makubwa waliyoyagombania ni kupangiwa kazi na kulipwa kwa madaktari wanagenzi waliokuwa wamehitimu wakingojea. Walioumia zaidi katika siku hizo walikuwa ni maskini wasioweza kwenda hospitali za kulipia.

Ama ihsani, hata pasipokuwa na ujira uliotajwa, mwajiri ajiulize: huyu kijana alipokaa kwangu miezi mitatu, ni nani aliyefaidika? Ikiwa muda wote ulikuwa wa kuchemsha chai, kubeba mafaili na kupokea simu, basi kazi yako ameifanya na yeye hakupata kitu. Umemla wakati wake, nao ndio rasilimali yake yote. Mpe nauli na chakula cha mchana, na zaidi ya hayo mpe ilimu. Mkalishe karibu na fundi wako mzuri kuliko wote. Mwache akosee katika kitu kidogo ili asije akaua mtu katika kitu kikubwa.

Wala mwajiri asiseme, Mimi nimefungua biashara, sikufungua chuo. Sheria ya Kenya ya mafunzo ya kazi, iliyorekebishwa mwaka 2011, iliunda mamlaka iitwayo NITA, na waajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanya kazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo. Basi kulea wenye ujuzi ni haki iliyokwisha kukubaliwa juu ya kila mwenye kazi. Na hata pasingekuwapo sheria, wewe mwenyewe hukuzaliwa na ujuzi. Iko siku ulipofunguliwa mlango na mtu.

Na hapa twasema neno juu ya binti zetu. Binti anayekuja kujifunza ni amana katika mikono ya msimamizi wake. Sahihi ya msimamizi haiuzwi kwa heshima ya mtoto wa watu. Anayemwekea binti sharti chafu ili amtilie sahihi ameasi Mola wake, na sheria ya nchi juu ya makosa ya kijinsia, ya mwaka 2006, yamhukumu. Wazazi wasiwanyamazishe binti zao kwa kuogopa aibu. Aibu ni ya mtenda, na kumstiri dhalimu kwaongeza wenye kudhulumiwa.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Wako wanavyuoni wa vyuo vikuu watakaotwambia: mwataka kukifanya chuo kiwe karakana, ilimu hutafutwa kwa ajili ya ilimu. Nasi twawajibu kwa heshima: ilimu ina utukufu wake, wala hatusemi kila somo lipimwe kwa mshahara. Lakini mlipoweka sharti la kazi mmekwisha kukiri kuwa shahada yenu haitimii bila ya hiyo. Basi sharti mliloliweka lisimamieni. Kumpa mwanafunzi barua na kumsukuma njiani si kumfundisha. Mtafutieni mahali kabla ya kumtoa darasani. Hesabuni na mahali padogo: fundi wa mtaani aliye hodari, chama cha ushirika cha wavuvi, zahanati ya kijijini. Nendeni mkamtazame kazini, na akirejea msilipime daftari tu; mwambieni afanye mbele yenu kile alichoandika kuwa amejifunza. Anayejua ataonekana, na asiyejua hawezi kuficha. Na ule mpango wa wawili wawili wa mwaka 1906 wawezekana hapa, kwani hautaki mashine wala fedha nyingi. Wataka mapatano na uaminifu.

Na sisi wa misikitini tuna sehemu yetu, wala tusijitoe. Kila msikiti mkubwa una hesabu, una maji na umeme, una nyumba za wakfu zilizopangishwa. Kamati ya msikiti yaweza kumchukua mwanafunzi wa hesabu za fedha akapanga vitabu vya wakfu chini ya mhasibu mzoefu, na mwanafunzi wa uhandisi akapima paa na mabomba chini ya mhandisi. Wao watapata kazi ya kweli ya kuandika, nasi tutapata hesabu zilizonyooka. Na katika kila safu ya sala ya Ijumaa wamo wenye maduka, wenye magari, wenye hoteli, na wakubwa wa maafisi. Kila mmoja wao akimpokea kijana mmoja kwa mwaka, awe ni mtoto wa mtu asiyemjua, mlango wa muhuri wa uongo utakuwa umezibwa kwa sehemu kubwa. Na asiye na kazi ya kutoa, atoe nauli ya mwanafunzi, nayo ni sadaka.

Na wewe mwanafunzi, ukipata mahali, ingia kwa adabu. Fika kabla ya wakati. Usimdharau fundi kwa kuwa hajui Kiingereza. Huenda mkono wake wajua lile ambalo kitabu chako hakijalitaja. Uliza, maana kuuliza si ujinga. Tunza siri za pale. Omba ruhusa ya sala kwa upole, kisha urejee upesi, ili watu waone kuwa sala haikupunguzii kazi. Mmoja wa wale mabinti wa Madyan alimsifu Musa kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Nguvu ni ujuzi wa kazi, na uaminifu ni kuufanyia haki. Mwenye kimoja bila ya chenziwe hafai kuajiriwa: mjuzi asiye mwaminifu atakuibia, na mwaminifu asiye mjuzi atakuharibia.

Ndugu zetu, Siku ya Kiyama viungo vitanena. Mkono utashuhudia ulilolifanya, na utashuhudia pia ulilolitilia sahihi bila ya kulifanya. Mwenye kushuhudia leo na asifungue mdomo wala asichukue kalamu mpaka awe ameona.

Ewe Mola wetu, tupe ilimu yenye manufaa, na utujaalie amali iliyo sawa na ilimu hiyo. Wafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali na walimu wenye huruma. Wape wenye kazi katika sisi mioyo ya kutoa bila ya kungoja kujuana. Wala usitujaalie kuwa mashahidi wa uongo juu ya nafsi zetu wala juu ya waja wako. Amin.

Wa billahi taufiki. Wasalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.